Jinsi ya kulitumia "do" la Kiingereza bila kujikwaa

Ukifungua kamusi ndogo ya Kiingereza kwenye neno "do", jibu la kwanza utakalolikuta ni "fanya". Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Chukua ukurasa wowote wa mazungumzo ya Kiingereza, piga mstari chini ya kila "do", "does" na "did", halafu jaribu kuweka "fanya" kila mahali palipo na mstari. Hutafika mbali. "Do you know him?" si "unafanya kumjua?" Ni "unamjua?" basi. Hilo "do" halifanyi chochote pale, limekuja kubeba swali.

Kwa miaka nimekuwa nikisahihisha Kiingereza cha watu wanaowaza kwa Kiswahili, nikianza na changu mwenyewe, na makosa ya "do" ni yaleyale. Mpangilio ufuatao ndio ninaoutumia kumfundisha mtu. Usiruke hatua ya tatu, hata kama unajiona mzoefu.

Hatua ya 1: Yazoeshe mdomo maumbo matano

Maumbo ni "do", "does", "did", "done" na "doing". Matamshi ndiyo yanayochenga, kwa sababu maandishi hayasemi ukweli. "Do" hutamkwa "duu", kwa kuvuta. "Does" si "doz" kama dozi ya dawa, ni "daz". "Done" ni "dan". "Don't" ina "o" inayoelekea kwenye "u", kama "dount".

Mtu akizungumza haraka, "do you" huminywa ikawa "dyu" au hata "ju", na "did you" ikawa "dija". Anayejifunza kwa kusikiliza huweza kuapa kwamba Waingereza huuliza bila "do". Wanaliweka, ila wanalimeza nusu.

"Does" ni la "he", "she" na "it" peke yao, tena kwa wakati uliopo. "Did" ni la wote. "Done" halisimami bila msaada: utasema "I have done it". Katika lahaja fulani utasikia "I done it", lakini usiliandike kwenye barua unayotaka ikupatie kitu.

Hatua ya 2: Tafuta kitenzi cha pili

Kila ukikutana na "do", jiulize kama kuna kitenzi kingine kinacholifuata. Katika "She does the accounts" hakuna. Basi "does" ndilo lenye kazi: yeye ndiye anayeshughulikia hesabu. Katika "She does not like accounts", kazi iko kwenye "like". "Does" ni mchukuzi tu, amebeba mzigo wa mwenzake.

Wakati mwingine wote wawili wamo: "What do you do?" La kwanza mchukuzi, la pili ndilo "fanya". Na swali hilo lina mtego wake. Mara ya kwanza kuulizwa hivyo nilikuwa nimeketi kwenye benchi, nikajibu kwa kujiamini, "I am waiting for my friend." Aliyeniuliza alitabasamu, akarudia: "I mean, for a living?" Alitaka kujua kazi yangu! Angetaka kujua ninachofanya dakika ile, angesema "What are you doing?" Kwetu "unafanya nini?" hutosha kwa yote mawili, kwa sababu "-na-" hubeba jambo la mazoea na jambo linaloendelea sasa hivi. Kiingereza huyatenganisha.

Hatua ya 3: Mpe mchukuzi mzigo wote

Kitenzi cha Kiswahili hujibebea kila kitu. Ndani ya "hawakuja" kuna ukanushi, kuna watu, kuna wakati, na kuna kuja kwenyewe, vyote katika neno moja. Kitenzi cha Kiingereza ni dhaifu. "Come" peke yake haiwezi kukanusha wala kuuliza. Inapotakiwa kufanya hivyo, "do" huitwa kusaidia, na mzigo wote huhamia kwake: wakati uliopita, na ile "s" ya nafsi ya tatu. Kitenzi chenyewe hubaki mikono mitupu.

Tuitazame sentensi moja kwa karibu. "She went." Unataka kuikanusha.

Kwanza, ichambue "went": ni "go" iliyobeba wakati uliopita.
Pili, iteremshe mzigo. Inabaki "go".
Tatu, mtwike "do" mzigo huo. Anakuwa "did".
Nne, weka "not" katikati yao: "She did not go."

Sasa "He works". Ile "s" ya mwisho huruka kutoka "works" na kutua kwa mchukuzi, ambaye anakuwa "does": "He does not work." Mimi bado huiona "s" hiyo ikiruka, na ndiyo maana siandiki tena "He does not works". "S" ni moja. Haiwezi kutua mahali pawili.

Anayeandika "She did not went" ametwika mzigo mmoja mara mbili. Ni kama mtu aseme "hakualikwenda". Sikio lako la Kiswahili lingekataa papo hapo, na sikio la Mwingereza hukataa "did not went" kwa nguvu ileile.

Swali hufuata njia hiyohiyo, isipokuwa mchukuzi hutangulia mtenda: "Did she go?" Neno la kuulizia, kama lipo, humtangulia mchukuzi: "Where did she go?" Kosa linalotuandama hapa ni kuuliza kwa mpangilio wa Kiswahili, "Where she went?", kwa kuwa sisi hatupangui maneno tunapouliza, tunapandisha sauti tu au kuanza na "je".

Wapo vitenzi wasiohitaji mchukuzi kwa sababu wana nguvu zao. Hao ni "be" na maumbo yake yote, "can", "could", "will", "would", "shall", "should", "may", "might" na "must", pamoja na "have" inaposaidia kitenzi kingine. Wao hukanusha kwa "not" moja kwa moja na huruka mbele wenyewe katika swali: "Is he ready?", "I cannot swim", "Have you eaten?" Kwa hiyo "Do you are ready?" haipo duniani. "Have" yenye maana ya kuwa na kitu siku hizi huomba mchukuzi: "Do you have a pen?" Ukisikia "Have you a pen?", anayesema ama ni mzee ama anajifanya.

Kuna pahali ambapo "be" yenyewe hunyenyekea na kuomba msaada: amri ya kukataza. "Don't be late." Usiulize kwa nini, kariri.

Halafu kuna "who", ambayo huwasumbua hata watu wa vyuo. Linganisha "Who called you?" na "Who did you call?" Ya kwanza haina mchukuzi, ya pili inaye. Kiswahili kitakusaidia kuona tofauti. "Nani alikupigia?" ni swali kuhusu mtenda. "Ulimpigia nani?" ni swali kuhusu mtendwa. Ukiwa unauliza kuhusu mtenda, acha sentensi ilivyo, usiite "do". Ukiwa unauliza kuhusu mtendwa, mwite mchukuzi.

Kuna msomaji atakayeuliza kama Kiingereza kilikuwa hivi tangu mwanzo. Hapana. Zamani walisema "I know not" na "Know you him?", vitenzi vikajibebea mizigo yao. Mchukuzi aliingia polepole, na kwa karne kadhaa njia mbili ziliishi pamoja. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, kwenye Mathayo 6:28, inasema juu ya maua ya mashamba kwamba "they toil not, neither do they spin". Mstari mmoja, na ndani yake kitenzi cha kwanza kimekanusha chenyewe, cha pili kimeita "do". Ukisoma maandishi ya enzi hizo na kukuta "dost" na "doth", usishtuke. Ni "do" na "does" za wakati ule: "dost" ilikwenda na "thou", "doth" ikaenda na "he".

Hatua ya 4: Jibu kwa kufuata tukio

Hapa niliumia mwenyewe. Ofisi moja ilinipigia simu kuhusu fomu niliyokuwa nikiingoja. Sauti ikauliza, "You didn't get the form?" Nikajibu, "Yes." Akanishukuru, akakata simu. Nilingoja wiki mbili fomu isiyokuja, kumbe faili langu lilikwisha andikwa kwamba nimeipata.

Kichwani nilikuwa nimejibu Kiswahili: "Hukupata fomu?" "Ndiyo, sikupata." Ndiyo yetu humkubalia aliyeuliza: ulivyosema ndivyo ilivyo. "Yes" ya Kiingereza haimjali muulizaji, hutazama tukio. Kama jambo lilitokea, ni "yes", hata swali liwe limekanusha namna gani. Kama halikutokea, ni "no". Nilipaswa kusema "No, I didn't."

Kinga yake ni rahisi: usitoe "yes" au "no" ikiwa uchi, ivishe mchukuzi. "Yes, I did." "No, I didn't." "Yes" haikai na "not" katika jibu moja la namna hii, kwa hiyo ukijisikia unataka kusema "Yes, I didn't", ujue umerudi kwenye Kiswahili. Mchukuzi wa jibu ni yuleyule wa swali: ukiulizwa "Do you smoke?", jibu "Yes, I do", ukiulizwa "Are you ready?", jibu "Yes, I am".

Vijiswali vya mkiani navyo huendeshwa na mchukuzi. Sisi tuna "sivyo?" au "au siyo?", na vinatosha kwa kila sentensi. Kiingereza hubadilisha kila mara: "You know him, don't you?", "She didn't pay, did she?" Sentensi ikikubali, mkia hukanusha. Sentensi ikikanusha, mkia hukubali.

Hatua ya 5: Litumie kushindilia, kwa nadra

"I sent it" ni taarifa. "I did send it" ni ubishi. Ndiyo "mbona nilituma!" yetu, na hutamkwa kwa kuikandamiza "did". Hufaa mtu anapokutilia shaka, au unapotaka kukiri upande mmoja kabla ya kukataa mwingine: "I do like the house, but I can't afford it."

Tatizo ni watu wanaolipachika kila mahali wakidhani linaleta heshima. Barua inayoanza "I do write to apply" humfanya msomaji ajiulize nani alikukatalia kwamba unaandika. Andika "I am writing to apply". Ile "I do hereby declare" iache kwenye viapo na hati za kisheria.

Kwenye ukaribisho, hata hivyo, "do" hili hulainisha: "Do sit down" si amri kali, ni "karibu, keti".

Hatua ya 6: Liache likiwakilishe kitenzi kilichotangulia

Badala ya kusema "She sings better than I sing", sema "She sings better than I do". "Mimi pia" huwa "So do I", na "wala mimi" huwa "Neither do I". Angalia wakati: "I liked it" hujibiwa "So did I". Angalia pia mchukuzi wa asili: "I am tired" hujibiwa "So am I", kamwe si "So do I".

Hatua ya 7: Amua kati ya "do" na "make"

Sasa tuko kwenye "do" lenye kazi yake lenyewe, na hapa mpinzani wake ni "make". Vyote viwili tunavifasiri "fanya", na ndiyo sababu tunaandika "I did a mistake".

Kigezo cha kuanzia: "make" huacha kitu ambacho hakikuwapo. Kiti, orodha, mpango, kelele, kosa, uamuzi, ahadi, pesa. "Do" hutaja shughuli, na mwisho wake hakuna kitu kipya cha kushika: "do the laundry", "do homework", "do business", "do someone a favour", "do damage", "do your best".

Kigezo hiki kinavuja. "Make the bed" ni kutandika kitanda, si kukichonga. Anayekufundisha kwamba kanuni moja inamaliza suala hili anakudanganya. Njia ya uhakika ni kujifunza kwa jozi, nomino na kitenzi chake pamoja.

Jambo hili halipaswi kutushangaza sisi wenye "piga". Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, na hakuna anayepigwa. Mgeni akiuliza kwa nini, tunamwambia ndivyo inavyosemwa. Kiingereza nacho kinatujibu hivyohivyo. Na ukizipanga "piga" zetu mbele ya vitenzi vyao, utaona zinavyotawanyika: piga simu ni "make a call", piga kelele ni "make a noise", piga pasi ni "do the ironing", piga picha ni "take a picture", piga mswaki ni "brush your teeth".

"Fanya" nayo hutawanyika. Fanya uamuzi ni "make a decision". Fanya utafiti ni "do research". Fanya mtihani ni "take an exam", na "do" nalo hukubalika hapo. Fanya mkutano ni "hold a meeting". Fanya haraka ni "hurry up". Na fanya kazi ni "work", neno moja. Ukisema "I do work in a bank", mwenzako atasikia lile "do" la kushindilia la hatua ya tano, kana kwamba umeitwa mvivu na unajitetea.

Hatua ya 8: Kariri mafungu

Haya hayapatikani kwa kujumlisha maneno, yachukue mazimamazima.

"Do without" ni kuishi bila kitu. "Make do" ni kujibanabana na kilichopo. "Do away with" ni kufutilia mbali, kama sheria au utaratibu. "Do up" ni kufunga vifungo vya nguo, au kukarabati nyumba. "I could do with a rest" ni "pumziko lingenifaa sana". "It has nothing to do with you" ni "hayakuhusu", na kwa sauti ni kali vilevile. "That will do" ina sura mbili: kwa upole ni "hiyo inatosha", kwa mtoto anayesumbua ni "basi sasa, koma". "Do time" ni kutumikia kifungo.

"I'm done" ni "nimemaliza". "Well done" ni pongezi, ila kwenye nyama ni iliyoiva kabisa.

"How do you do?" inahitaji maelezo kidogo. Ni salamu ya heshima kwa mtu unayekutana naye mara ya kwanza, na jibu lake la jadi ni kuirudisha vilevile: "How do you do?" Isichukuliwe kama swali la hali. Hata "hujambo?" yetu kwa asili yauliza kama huna jambo, na ni nani hujibu kwa kueleza deni lake na mgongo unaomuuma? Siku hizi wengi husema "Nice to meet you", lakini ukiambiwa ile ya zamani, usianze kusimulia.

Hatua ya 9: Jipime

Rekebisha sentensi hizi kabla ya kusoma majibu.

1. He don't knows my name.
2. Where you put the key yesterday?
3. Who did break the window?
4. I did a mistake in the letter.
5. She didn't did it.

Ya kwanza: "He doesn't know my name." Mchukuzi alikuwepo bila mzigo, na mzigo ukabaki kwenye kitenzi. Ya pili: "Where did you put the key yesterday?" "Put" haibadiliki umbo katika wakati uliopita, kwa hiyo bila "did" hata wakati wenyewe ungebaki kukisiwa kwa "yesterday" tu. Ya tatu: "Who broke the window?", maana tunamtafuta mtenda. Ingekuwa "Who did break the window?" sahihi pale tu ambapo washukiwa wote wameshakana na muulizaji ameanza kukasirika. Ya nne: "I made a mistake."

Ya tano ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu mchukuzi na anayebebewa ni pacha. "Did" la kwanza limebeba wakati uliopita. La pili ni kitenzi kama kitenzi kingine chochote, na halipati upendeleo kwa kufanana na mchukuzi. Linavuliwa: "She didn't do it."